Kifuniko

Lugembe, weka chini hiyo chupa. Kaa kwanza.
Povu la jana lililopita chini ya mlango,
likashuka ngazi za mawe za Igogo
mpaka miguuni kwa fundi cherehani,
mimi sikulilia. Nilicheka.
Nililia baadaye, mashine ilipogoma
ikapepesa taa nyekundu kama jicho lenye kikope,
na makoti thelathini ya kiwanda cha samaki
yamelala ndani, mazito, yanateleza,
na Luku imebaki uniti nne.

Hii si ile sabuni ya dumu.
Ile wameitia maji hukohuko wanakoipika,
unabeba ziwa begani ukidhani umebeba sabuni.
Hii ziwa wamelitoa.
Ndiyo maana chupa fupi, bei ndefu.
Usiimimine kama unamnawisha mgeni mikono.
Usiipime kwa jicho.
Jicho linapenda wingi.

Kigeuze kifuniko, kipeleke dirishani.
Kuna mistari mitatu humo, imechorwa kwa aibu,
kama mtu anayedai deni kwa ndugu.
Wa chini: mashati yaliyokaa kitini kutwa nzima.
Wa kati: ngoma imejaa,
nguo za watu wanaopanda vilima kwa miguu.
Wa juu ni wa makoti ya minofu, damu ya sangara,
na damu uiloweke kwanza, maji ya baridi,
ukiipa ya moto inahamia moja kwa moja.
Juu ya wa juu hakuna mstari.
Walipoacha kuchora, na wewe acha kumimina.

Halafu yajue maji.
Haya ya bomba, ya ziwani, ni malaini, povu linakuja mbio.
Yale ya kisima tuliyonunua Buhongwa wakati wa mgao
yalikuwa magumu, yalikula sabuni kama wajomba harusini.
Kwa hayo ongeza kidogo.
Kidogo ni upana wa kucha.
Ya kidole kidogo, Lugembe.

Mwalimu Bugeraha alirudisha mashati mawili.
Hakugomba. Alikunja mkono wa shati akanionyesha ngozi.
Anaandika ubaoni huku anajikuna,
darasa zima nyuma yake linajikuna pia, kwa makusudi.
Nikachovya kola kwenye beseni la maji matupu,
nikakamua.
Maji yakawa maziwa.
Shati lile hatukulifua. Tulilipaka.

Mama yangu alifulia watu kule Igombe, juu ya jiwe
ambalo hata leo lina bonde la magoti yake.
Mche wa sabuni aliukata kwa uzi, vipande saba,
kila kipande na siku yake,
na cha Jumatatu hakikugusa nguo za Jumanne
hata zije za mkuu wa wilaya.
Tulimwona bahili.
Alifariki Jumatano, usiku.
Juu ya kabati tukakuta vipande viwili.
Cha Alhamisi kilifua shuka za msiba.
Cha Ijumaa ninacho. Kimepasuka kama kisigino.
Sijui nikitumie lini.

Haya, inuka.
Yale makoti yasuuze tena, bila sabuni, hata tone.
Utaona yanatoa povu yenyewe,
mzunguko wa kwanza, wa pili, labda na wa tatu,
na mita ya maji inazunguka nayo,
mimi nalipia kuiondoa sabuni niliyolipia kuitia.
Lile povu linakwenda wapi, unauliza?
Fuata mfereji. Utayakuta magugumaji yamenenepa.

Mstari wa kati nimeupaka rangi ya kucha,
nyekundu, uuone hata umeme ukikatika.
Ni ya Minza.
Akiuliza, hujui kitu.