Kazi Yangu Ilikuwa Moto

Kazi yangu ilikuwa moto.
Si kupiga, si kuimba. Moto tu:
kukoka nyasi kavu nyuma ya nyumba yenye sherehe,
kuizungusha ngoma juu ya ndimi zake
mpaka ngozi ikaze, mpaka babu
aigonge kwa kidole, ainamishe sikio,
aseme, "Bado. Hii bado inalia kama mbuzi."

Babu yangu, Chinduli wa Kitangari,
alikuwa watu wengi ndani ya koti moja.
Asubuhi fundi baiskeli,
na waya wa breki uliobaki akautia kwenye zeze.
Siku ya mnada wa korosho, pale ghalani,
aligonga malimba wakulima wakisubiri bei,
na bei ikishuka, mkono wake nao ulishuka
kwenye vibao vinene, taratibu,
watu wakacheka badala ya kutukana.
Msibani alipuliza mwanzi, hakutia neno.
Wari walipotoka jandoni alivaa sura ya mti,
akawa kiumbe asiye na jina;
nilimtambua kwa kovu la kisigino
nikanyamaza, maana kumtambua ni mwiko.

Na usiku, hadithi hadithi,
hadithi njoo!
Sungura wake hakuwa na mwisho mmoja.
Mnyambe alinaswa kwenye ulimbo, Mahuta akaponyoka.
Kwa wale waliotulipa kibaba cha makopa
sungura aliingia kichakani kujisaidia
na hakurudi tena;
babu akafunga zeze lake tukaondoka.
Njiani nikamuuliza, ukweli ni upi?
"Ukweli," akasema, "anao aliyelipa."

Ngoma kubwa aliiita Somoe.
Wageni walidhani ni mapenzi.
Lilikuwa deni: ngozi ile ilitoka kwa mbuzi
wa Bi Somoe Nalinga, jirani yetu,
aliyechukuliwa kwa ahadi ya "msimu ukifika"
mwaka ambao salfa ilichelewa
na mikorosho ikavaa unga mweupe.
Misimu ilifika. Nilihesabu kumi na tisa.
Na kila ngoma ilipolia, Bi Somoe, popote alipo,
hata akiwa na ndoo kichwani,
alisema kwa sauti, "Mbuzi wangu huyo."

Kisha mkono wa kushoto wa babu ukalala
asubuhi moja, haukuamka.
Akaniketisha ubavuni: "Wewe uwe kushoto."
Nilikuwa kushoto mbovu. Miezi minne
tuliwaharibia watu harusi zao.
Mara moja tu, Nanyamba, mvua ikipiga bati,
mikono ilisahau ni ya nani.
Mara moja. Sitaongeza chumvi.

Alikufa Julai, ukungu wa Newala
umesimama mlangoni tangu alfajiri.
Shehe akauliza, kama ilivyo desturi,
nani anamdai marehemu?
Watu wakatazama miguu yao.
"Mimi," akasema Bi Somoe. "Mbuzi.
Jike.
Mwenye mimba."

Habari ya mimba hatukuwahi kuambiwa.

Akaichukua ngoma. Aliibeba kichwani mwenyewe,
akakataa kusaidiwa,
na njia nzima hakuigusa kwa kidole.

Sasa iko jikoni kwake,
juu yake kuku mwekundu ameweka kiota.
Huenda kununua chumvi, natupa jicho.
Mle ndani moto unawaka kutwa;
ngozi itakuwa imekaza kupita mahali
ambapo babu angesema "haya, sasa,"
au imepasuka. Sijauliza.

Jana kuku aliruka kutoka darini,
akatua. Kishindo kidogo,
kirefu kuliko nilivyotarajia.
Bi Somoe alikuwa amenipa mgongo, anachagua choroko.
"Mbuzi wangu huyo," akasema,
na vidole vyake vikasimama juu ya ungo.
Nilifika nyumbani nikakuta mkononi
bado nina hela ya chumvi.