Kiko Kiko

Jumatatu hadi Ijumaa napiga picha za vifua.
Vuta pumzi. Ishike. Iachie.
Jumamosi naziba nyufa za viko.
Mke wangu Sikudhani anasema
nashona sanda na nepi kwa uzi mmoja.

Sivuti. Sijawahi.
Ni harufu tu, ile ya tumbaku
iliyolala ndani ya mti miaka ishirini,
kama asali iliyosahauliwa jikoni ikaungua.

Mbao napata Keko, kwa Chiduo,
anayechonga miguu ya vitanda vya maharusi.
Vipande vya mpingo vinavyobaki
ananipimia kwa kilo, kama nyama,
kwenye mizani ya jirani yake muuza maharage.
"Na mfupa je?" namtania.
"Mpingo wote ni mfupa," ananijibu.
Kweli. Nje ganda la manjano, ndani usiku.
Tupa inalia, ncha za keekee zinakatika,
vumbi lake linanipigisha chafya hadi Jumapili kanisani.

Kiko changu cha kwanza kilipasuka kwa njiti ya kwanza:
sikujua mti hukauka kwa kalenda yake.
Cha pili, tundu lilitokea ubavuni.
Cha tatu anacho daktari wa meno, Upanga,
anakitafuna kitupu akisoma gazeti.

Basi, Mama Namkunda akaja Temeke
na leso iliyofungwa mafundo mawili.
Ndani, kiko cha marehemu Mbonea,
karani wa mizigo, stesheni.
"Shina lina ufa," alisema. "Nikikishika kinasema krr."

Kila Jumatano alipiga simu:
"Fundi, kiko kiko?"
"Kiko, mama."
"Haya. Kiko kiko, mwenyewe ndiye hayuko."
Akakata.

Nilikwangua masizi kwa mpini wa kijiko,
yakatoka mazito kama ukoko wa wali.
Nikasafisha njia ya moshi kwa spiriti na unyoya wa kuku.
Pete ya shaba niliikata kwenye bomba la friji bovu,
nikaipasha moto, nikaivisha shinani,
ilipopoa ikauma, na ufa ukanyamaza.

Ikabaki kung'arisha mdomo.
Pale palikuwa na alama mbili za meno,
moja juu, moja chini, upande wa kushoto.
Umeme ulikatika. Nikawasha tochi ya simu,
nikashika msasa, na mkono ukafanya unachokijua:
huku na huku, huku na huku,
mpaka juu pakateleza kama kokoto ya mtoni.
Nikageuza kiko nianze chini.
Simu ikalia, tochi ikanimwekamweka usoni.
"Fundi, nilisahau kukwambia.
Yale meno usiyaguse."

Mficha maradhi, kifo humuumbua:
tumeibandika ukutani pale kazini, kwa herufi kubwa,
na bado siku tatu sikupokea simu yake.

Jumamosi alikuja mwenyewe.
Nilimpa kiko, nikasema, "La juu limekwenda, mama. Mimi."
Hakunitazama. Alikigeuza,
akaweka ukucha wa kidole gumba
kwenye kile kishimo cha chini, ukaenea.
Nyumba ya pili mtu alikuwa akitwanga kisamvu,
nikahesabu michi kumi na minne.

"La juu," akasema, "lilikuwa la bandia.
Alilitengenezea Moshi. Halikumkaa hata siku moja."

Sijui kama ni kweli.
Naweza kujua: mimi huona mifupa ya watu,
na majalada yapo. Sitatafuta.

Alilipa, akadai chenji yake yote,
akafunga leso mafundo mawili.

Ule msasa bado uko juu ya meza ya cherehani,
umekunjwa, upande wenye vumbi ndani.
Sikudhani anafagia kuuzunguka.