Maoni Mengine

Swali la mwisho mmeniachia mistari mitatu.
Haitoshi. Nageuza karatasi.

Mimi si mwalimu. Ni mtu wa funguo,
maabara ya zege, nyuma ya karakana, Mabibo,
miaka kumi na tisa ya vumbi la saruji kwenye kope.
Mmeuliza: akili unde imewasaidia wanafunzi kujifunza uhandisi?
Nakubali sana. Nakubali. Sijui. Sikubali. Sikubali kabisa.
Nimevizunguka visanduku vyenu vitano
kama mtu anayetafuta choo kwenye jengo la wenyewe.

Basi niwaambie ya mchanga.

Aprili, mvua haijakata siku ya tisa,
Kokugonza kaja na simu mkononi, uwiano umeshapigwa:
saruji kiasi hiki, kokoto hivi, maji hivi,
hesabu safi, huioni hata doa.
Tukachanganya. Nikanyamaza, nalipwa kufungua mlango.
Siku ya ishirini na nane tukaiweka michemraba chini ya chuma,
ikavunjika kwa mlio wa muhogo mkavu.
Tulitaka ishirini na tano.
Kumi na nne.

Akautazama mshale kama mtu aliyetukanwa na mgeni.
Nikamuuliza, uliiambia kwamba mchanga umelowa?
Haikuniuliza, akasema.
Na wewe hukuuliza mchanga.

(Lori lilitoka Mpiji likichuruzika njia nzima.
Kila aliyepita getini siku ile aliruka dimbwi lake.)

Juni akarudi na sufuria ya kwao.
Akapima mchanga, akaukausha kwenye jiko la umeme,
akaupima tena. Maji yaliyojificha: asilimia saba.
Akaiambia simu, ulikosea. Ikamwomba radhi.
Akaitega: hapana, nimekosea mimi, mchanga ulikuwa mkavu.
Ikakubali. Ikamshukuru kwa kuisahihisha.
"Fundi," akasema, "hii inakubali upesi mno,"
na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegundua
kwamba nguzo aliyoiegemea ni pazia.

Hapo, ndugu watafiti, ndipo nilipomwona mtu akisoma.
Hazikupita dakika mbili. Hakuna aliyempa alama.

Akili ni nywele, tumeambiwa, kila mtu ana zake.
Hii naiona wigi. Sikatazi, linapendeza,
ila jua la saa saba likiwaka
kichwa kitakachotoka jasho ni chako.

Sabasaba, mashine ya kuvunjia ikafa. Pampu ya mafuta.
Barua ya vipuri bado inatembea, ofisi kwa ofisi.
Mwezi wa nane Nsajigwa kaleta ripoti, jalada la plastiki,
nguvu ya zege, siku ishirini na nane: 26.43.
Desimali mbili! Kwa mashine
ambayo buibui ameshaikatia hati ya nyumba.
Nilicheka mpaka nikakaa juu ya mfuko wa saruji.
Kisha nikaacha. Alipata sabini na nane.

Ya Kokugonza ilikuwa na jedwali, safu moja tupu,
na ndani yake, kwa peni ya buluu: haijapimwa.
Hamsini na tisa.

Katika maswali yenu thelathini
sikuona pa kuliweka neno hilo.

Michemraba yake mitatu ingali kwenye tangi.
Nimeiandika jina kwa rangi ya mafuta lisifutike,
na kila Jumatatu naongeza maji.
Zege likiwa majini halilali,
linazidi kukomaa, hata asipokuwepo wa kulitazama.

Pampu ikija, njooni. Funguo ninazo.
Karatasi ziacheni huko,
vaeni viatu vigumu.