Namba Hairuki Yenyewe

Printa yangu ni kuukuu, ina kikohozi cha asubuhi.
Huivuta karatasi shingo upande,
huimeza, huitema, huimeza tena,
kisha, mstari kwa mstari, harusi ya watu
inanitokea kwa ukubwa wa stempu.

Thelathini kwa ukurasa: tano kwenda, sita kushuka.
Chini ya kila kijipicha namba yake,
ileile iliyotolewa na kamera,
kama mtoto aliyepewa jina kabla hajalia.

Wenzangu hapa Kutaisi wameiacha kazi hii.
Humrushia mteja picha zote kwenye simu,
naye huzipitisha kwa kidole kama anayefukuza nzi.
Mimi bado nachapa. Nina wateja wa karatasi:
watu wa penseli, watu wa miwani juu ya miwani,
watu wanaotaka kuiona shughuli nzima mezani
ndipo wakate shauri.

Mzevinar alikuja Jumanne, theluji begani,
penseli nyekundu ameichonga kwa kisu cha jikoni.
Mama wa bwana harusi. Nikamvutia kiti,
nikamtandazia kurasa nane kama karata.
Nilitaraji machozi, au "nimenenepa hivi?"
au "huyu naye nani alimwalika?"
Hakuzungusha duara hata moja.
Alitembeza ncha ya penseli chini ya picha.
Nyuso hakuzitazama. Alisoma namba.

"Kati ya mia na themanini na saba
na mia na tisini na moja, pana nini?"

Nikasema: takataka. Macho yaliyofumba. Giza.
Mkono ulitikisika. Nilipiga mia tatu na ushei,
nimekuletea zilizo safi.

"Mwanangu, miaka thelathini na mmoja nimeweka hesabu
za kiwanda cha nyuzi, mpaka siku kilipofungwa.
Namba hairuki yenyewe. Kuna anayeirusha."

Nikaona haya; haya za mpishi
aliyeulizwa iliko firigisi.

Nikafungua pipa la kompyuta, nikafukua.
Themanini na nane: mwanga umepasuka ukutani.
Themanini na tisa: goti la mpiga akodiani.
Tisini:
nyuma ya meza, nyuma ya waliosimama na glasi,
mlango wa ukumbi u wazi shubiri moja,
na ndani ya shubiri hiyo, mwanamume,
kofia ameikumbatia kifuani,
uso nusu, na huo nusu una ukungu.

Mzevinar akaweka penseli chini.
"Jumber," akasema, si kwangu.

Baadaye, akitafuta mkono wa koti, alinipa kwa ufupi:
kaka yake, nyumba ya baba yao, ukuta mmoja,
miaka kumi na minne. Usiku ule, wakifagia,
walikuta mlangoni dumu la divai lisilo na mwenyewe.
Kila mtu alidhani ni la mwingine.
"Nilionja. Nikajua zabibu za nani.
Lakini kuonja si ushahidi."

Nikamwambia nitaisafisha, nitaikuza, niitie fremu.
Akaruka kama aliyetoneshwa kidonda.
"Ikae palepale kwenye safu yake,
udogo uleule, kati ya wenzake.
Ukiikuza utamfanya mgeni wa heshima.
Alikuwa mlangoni. Mwache mlangoni."

Nikachapa upya ukurasa wa tano, pamoja na goti.
Printa ikakohoa, ikasita;
wino mweusi ulikuwa unaelekea kwisha,
giza la ule mlango likatoka samawati.
Nikanyoosha mkono niitupe.
Akaniwahi. Hivyo hivyo, akasema.

Akaikunja mara mbili, akaitia mkobani,
akalipia kurasa tisa,
maana ukurasa uliorudiwa ni ukurasa,
kisha akabaki amesimama.

"Kuna jingine, mama?"

"Risiti."