Papa wa Hatua Kumi

Chaki ziliisha tangu Jumatatu,
nikachukua majivu ya jikoni, debe zima,
nikamchora papa uwanjani, hapa Bahi,
kati ya mlingoti wa bendera na choo cha wavulana:
hatua kumi, kichwa hadi mkia.
Darasa la sita likamzunguka
kama watu waliokuta nyoka aliyekufa.

"Papa namjua," akasema Ndahani.
"Hutajwa redioni. Papa wa rushwa.
Anakaa mjini, ana gari la vioo vyeusi."
Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikanyamaza,
maana jina la mnyama limechafuliwa
na watu wasiojua hata kuogelea.

Nikawaambia: gusa sikio lako, likunje.
Ndivyo papa alivyo, gegedu mwili mzima,
hana hata mfupa wa kumkwama mtu kooni.
Ngozi yake msasa. Jino likimng'oka
jingine liko nyuma, limepanga foleni.
Na huyu wa majivu ni papa shilingi,
mgongo umemwagiwa sarafu,
mrefu kupita lori la mahindi,
na chakula chake ni vijidudu
usivyoviona kwa macho.
Sechelela akaanza kumwekea shilingi zake,
kokoto mojamoja, bila kuambiwa.

Pagumu palikuwa mbele:
kwamba papa wengine, wale wenye meno ya kazi,
wakivuliwa wote, chewa huzidi,
chewa wakizidi, pono huisha,
na pono akiisha, nani atayakwangua matumbawe
mwani usiyafunike yakafa?
Nikaona macho yao yanatoroka, yanafuata mbuzi barabarani.
Tumbawe ni nini? Mwani ni nini?
Mimi mwenyewe bahari nimeiona mara moja,
dirishani mwa basi, nikimpeleka mama hospitali:
buluu kidogo kati ya nyumba mbili.

Ndipo Lubeleje, ambaye hupata sita kwa hamsini,
akajikuna mguu kwa mguu, akasema:
"Ni kama chui wa kule mlimani.
Alikula mbuzi wetu wanne, baba na wenzake wakamtega.
Ngoma ililia siku mbili.
Mwaka uliofuata nyani wakashuka,
wakamaliza karanga, wakamaliza mtama,
wakakaa juu ya kihenge wanatutazama.
Tulilala shambani tunapiga madebe
mpaka kilichobaki kikavunwa."

Kimya.
Nusu ya andalio langu la somo
nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Mmoja akauliza kama papa huleta mvua.
Ningeweza kusema ndiyo. Kwa mwaka huu
wangemwombea dua.
Nikasema: mvua hutoka baharini, hilo kweli.
Papa anatunza nyumba yake tu,
ila sisi nasi tunaishi
uani kwa nyumba hiyo, mbali sana, lakini uani.

Usiku ng'ombe walipita juu yake.
Asubuhi ulibaki mkia, na kokoto.

Jumamosi, mnadani, nikamwona Sechelela
mbele ya meza ya samaki wakavu,
kashika kipande cha papa, cheupe kwa chumvi,
anakigeuza, anatafuta matamvua.
"Huyu alikuwa na miaka mingapi?"

Muuzaji akamtajia bei.