Utando

Picha ya kwanza niliipiga saa tano usiku,
Semeni kanishikia tochi.
Ilimba juu ya gunia la uwele,
vyuma ishirini na vinne,
vingine vya spoki, vingine vya mwavuli uliotushinda kushona.
Nikaandika bei. Nikaifuta.
Nikaandika nyingine, ndogo kuliko ile.

Miaka kumi na mmoja nachonga kwa kupenda tu,
nikitoka zamu ya kujaza mafuta Nzuguni.
Ndahani hunicheka: nani atanunua kelele?

Asubuhi, kimya.
Siku ya nne, watu watatu wameweka dole gumba.
Dole gumba halinunui unga.

Kisha mtu wa Kahama akatuma sauti:
“Inalia vizuri. Ila yule nyuki aliye ndani, mnamwekaje?”
Nyuki! Nilicheka peke yangu, pampu mkononi.
Ni tundu nililoliziba kwa utando wa buibui,
ule mweupe wa kufichia mayai,
unaobanduliwa ukutani kwa pumzi,
si kwa kucha.

“Basi katafute utando,” akasema Semeni,
“mtandao umeshakupata.”

Sasa napita nyumba za watu na kiberiti kitupu
nawaomba buibui wao.
Hunipa, huku wakinitazama mara mbili.

Jumamosi nimefunga boksi kwa magazeti,
nimelipia parseli,
nimebakiwa na elfu nne na mia tano.
Konda akalitikisa: “Humu mna nini?”
Likamjibu.