Kabla Hujageuza Ufunguo

Derlis, usiwashe kwanza.
Shuka, inua boneti,
nikuonyeshe koo la lori hili,
maana toka hapa hadi Loma Plata
hakuna lami, kuna unga.
Mama yangu aliuita yvytimbo, moshi wa ardhi,
na si vumbi la kufagiwa lile:
ukilikanyaga laruka kama maji,
likifunika shimo huoni shimo
mpaka ekseli ipige chini.

Hili ndilo chujio.
Usilifungue kila jioni kwa wasiwasi.
Najua unapenda usafi, umerithi kwa nyanya yako,
lakini kila ufunguapo wamkaribisha mwizi sebuleni,
na chujio lililochafuka kidogo
hukamata kuliko jipya:
vumbi la jana hulizuia la leo.
Usiniulize kwa nini. Nimeyaona kwenye oili.

Wala usiligonge kwenye tairi.
Rogelio aligonga lake kama mkeka wa msibani,
akajisifu, akaondoka,
na mkunjo mmoja wa karatasi ulikuwa umechanika
pale ambapo jicho halifiki.
Ukipuliza, puliza toka ndani kwenda nje,
pumzi ndogo,
kama unayepoza uji wa mtoto.

Sasa bomba.
Hapa ndipo nilipofilisika.
Chujio lilikuwa jipya, nimelinunua kwa Wiebe
kwa maziwa ya wiki tatu,
nikajiona nimemaliza.
Nyuma yake mpira ulikuwa na ufa
mwembamba kama ukucha wa mtoto wa jana,
na klempu imelegea nusu mzunguko.
Agosti nzima, upepo wa kaskazini ukichoma,
injini ikavuta Chaco kupitia ufa ule,
kijiko leo,
kijiko kesho.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Ukuta ni rahisi, udongo upo bure.
Mimi nilijenga silinda sita.
Wakaondoka ng'ombe wanne, ikaondoka friji.
Baba yako alikuja, akakaa juu ya tairi la akiba,
akanimiminia terere ya baridi,
hakusema neno mpaka jua likazama.
Sijamsahau kwa lile neno ambalo hakulisema.

Kwa hiyo chukua grisi.
Paka kidole kimoja tu
ndani ya bomba, baada ya chujio, hapa.
Ukifika, kabla hujashusha hata debe moja,
ingiza kidole.
Ikiwa laini, kanywe, kapige soga.
Ikikwaruza, hata kwa mbali,
hata kama wanakufokea na maziwa yanachacha,
usirudi na lori. Nipigie.
Nitakuja na mpira, na matusi, na chakula.

Ukikuta lori mbele yako usilifukuze.
Simama. Kojoa. Hesabu mikebracho.
Acha wingu lake litue juu ya miiba.
Wa mbele anapita barabara,
wa nyuma anaila.

Na ile soksi kwenye mdomo wa bomba la nje,
nimekuona ukiicheka.
Ni ya mjomba wako Eusebio.
Alikuwa na mguu mmoja tangu ajali ya kinu,
na maduka huuza soksi mbili mbili.
Kila Krismasi ilibaki moja,
akaikunja, akaiweka kwenye droo,
nikidhani ni uchungu wa mguu.
Siku moja akachechemea hadi hapa,
akaivisha lori, akafunga kwa uzi wa kiatu,
akasema, "Angalau huyu avae."
Huzuia mapumba, mabawa ya panzi,
lile vumbi nene lisilo na akili.
Lenye akili huachiwa chujio.

Ifue Jumamosi kwa sabuni ya mche,
usiirudishe ikiwa na unyevu.
Ikitoboka usiitie kiraka.
Zimebaki sita kwenye droo.
Nimezihesabu.

Haya, panda.
Washa, nisikie.